Babu aliogelea ziwani, mjukuu haendi dukani

Maswali ya wasomaji

SWALI: Mwalimu mpendwa, pokea salamu zangu. Mimi ni mama wa watoto wawili, mvulana wa miaka 9 na msichana wa miaka 6, na tunaishi katika nyumba ya kupanga hapa Migosi, Kisumu. Baba mkwe wangu alikuja mjini kutibiwa macho, akakaa nasi wiki tatu. Kila jioni aliniuliza kwa nini watoto wakirudi kutoka shuleni hufungiwa geti na kukaa mbele ya runinga mpaka wakati wa kulala. Anasema kwamba akiwa na umri wa mwanangu alichunga ng'ombe peke yake, aliogelea ziwani, alikunywa maji ya mto na kupanda miti mirefu kuliko nguzo za stima, na hakufa. Siku moja alitaka kumtuma kijana dukani akanunue sukari, nami nikakataa. Alinyamaza, kisha baadaye nikamsikia akimwambia mume wangu kwamba tunalea kuku wa gredi. Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu nahisi yana ukweli. Lakini mwaka jana mtoto wa jirani aligongwa na pikipiki hatua chache tu kutoka getini kwetu. Je, tumewaharibu watoto kwa woga wetu? Na nimjibuje mzee bila kumvunjia heshima?
Mama wa Wawili, Kisumu

JIBU: Binti yangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma nikiwa nimekaa upande wa baba mkwe wako, kwa maana mimi pia ni wa rika la kusimulia. Nilikulia katika ukanda wa miwa huku magharibi miaka ya 1970, na mchezo uliotupendeza kuliko yote ulikuwa kuchomoa miwa kwenye trela. Palikuwa na kilima kidogo karibu na shule yetu, na trekta lililovuta trela mbili zilizojaa lilipokipanda, lilipungua mwendo hata likawa linakwenda kama mtu anayetembea. Wavulana walijificha mtaroni. Dereva alipobadilisha gia, injini ikaguna na moshi mweusi ukatanda nyuma, walichomoka mbio, kila mmoja akashika muwa uliochomoza, akaegemeza mguu mmoja kwenye ubavu wa trela na kuvuta kwa nguvu zake zote huku akirukaruka barabarani kwa mguu wa pili. Sisi wasichana tulisimama juu ya kilima tukiangalia kama utingo ameshuka. Kisha tuliketi kivulini tukamenya miwa kwa meno, na maji yake yakatiririka mpaka kwenye viwiko na kutuletea nyuki.

Siku moja kijana wa darasa la nne alishika muwa uliokuwa umesokotana na mingine. Muwa haukutoka, naye hakuuachia. Gurudumu la nyuma lilimpitia. Tulimzika Jumamosi, na Jumatatu mwalimu akaliondoa dawati lake darasani bila kusema neno. Leo tunapokutana watu wa rika langu, iwe ni harusini au matangani, habari za trela husimuliwa kwa furaha kubwa, kila mtu akiongeza lake, nami kila mara hungoja mtu amtaje yule kijana. Hatajwi.

Kwa hiyo "hatukufa" ni neno la waliobaki. Baba mkwe wako hadanganyi hata kidogo, ila kumbukumbu yake imewahesabu wale tu ambao wangali na kinywa cha kusimulia. Chukua hayo maji ya mto. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Nyanza, 206 hawakufikisha miaka mitano, wakati ambapo kwa nchi nzima idadi hiyo ilikuwa 115. Utafiti wa 2022 ulikuta idadi ya nchi nzima imeshuka hadi 41. Watoto hao hawakuuawa na miti wala michezo. Waliuawa na malaria, nimonia, kuhara, na katika miaka ile UKIMWI. Lakini maji machafu yamo katika orodha hiyo, na kila mzee wa eneo letu, ukimwuliza kwa upole walizaliwa wangapi kwao na wangapi walikua, atatulia kidogo kabla ya kukujibu.

Ziwa nalo lina jambo ambalo mtoto halioni. Kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, pale pale ambapo watoto hupenda kuchezea, huishi konokono wadogo wanaobeba vimelea vya kichocho, navyo hupenya kwenye ngozi ya mtu katika muda wa dakika chache tu. Mtoto hutoka majini akicheka, na madhara kwenye utumbo na ini huja polepole kwa miaka. Wengi wa rika la mzee walikua na ugonjwa huo tumboni wakidhani uchovu ni tabia ya mtu. Leo ipo dawa ya prazikwanteli, na katika maeneo yenye kichocho watoto huipewa shuleni pamoja na dawa ya minyoo. Wanao wasikose siku hiyo.

Hata hivyo nisingependa umpelekee mzee takwimu hizi mezani, kwa sababu katika jambo lililo zito zaidi yeye ndiye mwenye haki. Mtoto aliyechunga ng'ombe akiwa na miaka 9 alijua kusoma mawingu, kumtambua ng'ombe mgonjwa kwa jinsi anavyosimama, kuamua kama mto uliofura unavukika, na kurudi nyumbani jioni na idadi kamili. Alikuwa amekabidhiwa kitu ambacho familia nzima ilikitegemea. Mwanao amekabidhiwa nini? Nakuuliza kwa upendo, kwa maana nilifundisha shule za msingi miaka mingi na niliyaona mabadiliko hayo darasani. Katika miaka yangu ya mwisho kazini nilikuwa na watoto wa darasa la tano wenye alama nzuri ajabu ambao, ukiwatuma ofisini kuleta chaki na wakute mlango umefungwa, walisimama pale pale mpaka mtu awakute.

Profesa mmoja wa Norwei, Ellen Sandseter, aliwatazama watoto wakicheza na mwaka 2007 akaipanga michezo yao ya hatari katika aina 6: kupanda juu, kwenda kasi, kushika zana kali, kucheza karibu na maji au moto, kupigana mieleka ya mchezo, na kuzurura mahali ambapo huenda wakapotea. Alisema kwamba watoto huitafuta hofu hiyo wenyewe, kwa kiasi wanachokiweza, na kwamba kwa njia hiyo hujifunza kuishinda. Mzee wako alizipata zote 6 kabla hajajua kuandika jina lake, na mwanao, akiwa nyuma ya geti, pengine hana hata moja.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sisi wazee tunalisahau. Mwulize baba mkwe wako, siku ambayo utamkuta ametulia na chai yake: ulipokuwa ukichunga peke yako, ni nani mwingine aliyekuwa malishoni? Naamini atakutajia binamu wa miaka 14 aliyekuwa na ng'ombe wa boma la pili, mama fulani aliyekuwa akipalilia ng'ambo ya kijito, na wavuvi waliokaa ufukoni wakishona nyavu ambao wangemrushia mtoto kamba kabla hajameza maji mara ya pili. Hakuwa peke yake hata siku moja. Kijijini kwetu mama yeyote alikuwa na ruhusa ya kunichapa nikikutwa mahali pabaya, kisha kunipeleka nyumbani, na mama yangu alimshukuru. Uhuru ule ulikuwa na walinzi wengi, ila kwa kuwa hawakuvaa sare wala kulipwa, hatukuwahesabu. Wewe umenyimwa walinzi hao, kisha unalaumiwa kwa kufunga geti. Lawama hiyo si ya haki.

Barabara nayo si ile. Sensa ya mwaka 1969 ilihesabu Wakenya milioni 10.9, na ile ya 2019 ikahesabu milioni 47.6. Bodaboda ya kwanza ilikuwa baiskeli kwenye mpaka wa Busia. Pikipiki zilijaa mitaani baada ya serikali kuziondolea ushuru mwaka 2008, na sasa ajali za barabarani huua zaidi ya watu 4,000 nchini kila mwaka, na watembea kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi kati yao. Na si Kenya peke yake. Watafiti walioongozwa na Mayer Hillman walikuta kwamba mwaka 1971 huko Uingereza watoto 80 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 7 na 8 walikwenda shuleni bila mtu mzima, na kufikia 1990 walikuwa wamebaki 9. Vifo vya watoto barabarani vilikuwa vimepungua, na wakubwa wakafurahia kwamba barabara zimekuwa salama. Hillman akawaambia kwamba barabara hazikuwa salama, bali watoto ndio walioondolewa. Hivyo ndivyo ulivyofanya wewe baada ya mtoto wa jirani kugongwa, na mama yeyote angefanya hivyo.

Basi tuanze na sukari. Jumamosi asubuhi, saa nne au saa tano, wakati ambapo bodaboda zimepungua na maduka yamefunguliwa, nenda na kijana dukani lakini mwache yeye atangulie na wewe ufuate nyuma, akuonyeshe mwenyewe anapovukia na anapotazama. Fanya hivyo mara tatu. Mwambie mwenye duka jina la mtoto, na mama wa kibanda cha mboga umwambie, "Dada, huyu ni wangu, ukimwona anacheza njiani nipigie." Hapo umeshapata walinzi wawili. Mara ya nne mwache aende peke yake na hela za kutosha, na chenji ya kuhesabu, nawe usimame getini. Moyo utakudunda, lakini usimfuate. Akirudi na nusu kilo badala ya kilo, usimkaripie; mrudishe dukani akarekebishe mwenyewe, kwa kuwa safari hiyo ya pili ndiyo itakayomkomaza.

Kuhusu ziwa sibadilishi neno: haendi peke yake, si Dunga wala ufuko mwingine wowote, kwa sababu ya kichocho, viboko, na magugu maji ambayo upepo ukibadilika hufunga mahali palipokuwa wazi asubuhi. Lakini kumkataza maji bila kumfundisha kuogelea ni kumwacha bila kinga siku atakapotoroka na wenzake, na atatoroka. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na ushauri wake ni kwamba watoto wa umri wa shule wafundishwe kuogelea na kuokoana kwa njia iliyo salama. Tafuta bwawa lenye mwalimu, hata kama ni likizo moja tu kwa mwaka, na umpeleke na binti pia.

Na mzee umjibu kwa kumpa kazi. Mwambie, "Baba, uliyosema nimeyafikiria, nami naomba unisaidie. Likizo ya Agosti nitakuletea mjukuu wako akae wiki mbili. Nakuomba umkabidhi ng'ombe mmoja, na uniambie ni binamu yupi atakayekuwa naye." Sidhani kama kuna mzee wa huku kwetu atakayeliona ombi hilo kuwa dharau. Maji ya kunywa yachemshwe, chandarua kitoke kwako, na mengine mwachie babu.

SWALI: Mwalimu, mimi ni baba wa binti wa miaka 8 hapa Nakuru. Kila asubuhi humvusha barabara kuu kwa mkono kisha huenda kazini. Majirani hunicheka wakisema kwamba wao walitembea kilomita sita kwenda shule wakiwa darasa la kwanza. Je, nimwache avuke mwenyewe?
Baba wa Binti, Nakuru

JIBU: Ndugu yangu, usimwache. Mtoto wa miaka 8 anaweza kuwa mwerevu sana na bado macho yake yasiweze kupima kasi ya gari linalokuja. Huona gari liko mbali na kudhani ana nafasi. Uwezo huo hukomaa taratibu, na watoto wengi huanza kuaminika barabarani wakiwa na miaka 10 au zaidi. Kilomita sita za majirani zako zilikuwa za njia za mashambani, na walikwenda kundi zima, wakubwa wakiwashika mikono wadogo. Hakuna lori lililopita hapo.

Lakini mkono wako uutumie kufundisha. Mkifika ukingoni, simama, umwache yeye aseme "sasa," na akikosea umwambie ulichokiona ambacho yeye hakukiona. Mkishavuka, na ikiwa njia iliyobaki haina magari, mwachilie aende na wenzake mpaka getini mwa shule. Hicho kipande ni chake.

Naomba pia wewe na wazazi wenzako mdai tuta au kivuko kwa pamoja, kwa barua, kwa mwakilishi wenu wa wadi. Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu cha 31 kinampa mtoto haki ya kucheza, jambo ambalo halina maana ikiwa hawezi kufika mahali pa kuchezea, au ikiwa mahali penyewe pamenyakuliwa. Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirushiwa mabomu ya machozi walipojitokeza kutetea kiwanja chao kilichozungushiwa ukuta. Kila ninapokumbuka picha za watoto wale wenye sare, wakikimbia huku wamefunika macho, huwa nashindwa kumsikiliza mtu mzima anayesema watoto wa siku hizi hawataki kutoka nje.

SWALI: Mwalimu, kila wanaume wanapoanza kusimulia utoto wao wa uhuru, mimi hunyamaza. Nilizaliwa Vihiga, mtoto wa pili kati ya tisa na msichana wa kwanza. Kaka yangu alipokuwa mtoni, mimi nilikuwa na mtoto mgongoni na mtungi kichwani. Nilikatazwa kupanda mpera wa nyumbani kwetu, eti msichana akiupanda hautazaa tena. Sasa nina miaka 58 na wajukuu watatu wa kike wanaokuja likizo. Binti yangu anataka niwaache wacheze kama wavulana. Mmoja akipanda mti, mwili wangu wote husisimka na nashindwa kujizuia kumwita ashuke. Nifanye nini?
Bibi wa Watatu, Vihiga

JIBU: Dada yangu, nashukuru kwa kuandika, kwa maana umesahihisha hata simulizi langu la trela. Soma tena uone sisi wasichana tulikuwa wapi: tulikuwa juu ya kilima, tukilinda. Hatukukosa hatari, ila hatari zetu zilikuwa za kazi. Tulibeba maji tukishuka miteremko yenye utelezi, tulipika kwenye mafiga tukiwa na miaka 7, na mimi nina kovu la uji kwenye mkono wa kushoto ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniomba nilisimulie. Wavulana walipojifunza kuamua, sisi tulijifunza kutunza, na ingawa kutunza ni elimu kubwa, hatukuichagua. Watu wakiutamani utoto wa zamani, wakumbuke ni nani aliyekuwa amembeba mtoto ili kaka aende kuogelea.

Mwili wako husisimka kwa sababu ulifundishwa hivyo tangu utotoni, na haitaondoka kwa siku moja. Hutakiwi kuacha kuogopa. Unatakiwa tu usiseme. Ukimwambia mtoto aliye juu ya mti "utaanguka," macho yake huacha kutazama tawi yakakutafuta wewe, na hapo ndipo mguu huteleza. Mwulize badala yake, "Mguu wa pili unauweka wapi?" Atafikiri, na mkono utashika vizuri. Usimwinue kamwe kumweka kwenye tawi asilolifikia mwenyewe, kwa kuwa mtoto aliyejipandisha kwa nguvu zake mara nyingi hujua pia njia ya kushukia.

Mti nao uuchague. Mpera ni mzuri kuliko yote, matawi yake yako karibu karibu na mbao yake ni ngumu, hupinda kabla ya kuvunjika. Lakini gome lake ni laini, na mvua ikinyesha huteleza kama sabuni, basi siku hiyo wasiupande. Mparachichi wakatazeni kabisa, maana tawi lake hukatika ghafla. Ondoa mawe na vigogo chini ya shina, wavue viatu, kisha toa kigoda chako ukiweke mahali ambapo watakuona. Chukua kazi ya mkono, mboga za kuchambua au maharagwe. Yule mkubwa akifika kwenye tawi la tatu mwambie atikise, na mapera yakidondoka, la kwanza liwe lako.